Kona ya Mashabiki: Beki hafungi magoli, mbona wanamlilia hivi?

Karibuni tena. Macho yalikuwa Qatar, kwa Kombe la Dunia la 2022, na mimi nilikuwa nimejipanga kujibu maswali ya Messi na ofsaidi basi, kumbe watu wangu mna mambo. Tangu Börje Salming, beki wa zamani wa hoki ya barafu kule Toronto, afariki tarehe 24 Novemba 2022, maswali juu yake yameingia hadi nikashangaa. Inaonekana kila mtu Nairobi ana ndugu Canada na huyo ndugu amejaza grupu ya familia na picha za mzee mmoja mwenye nywele ndefu. Nimechagua machache. Zile jumbe za kumtusi Ronaldo nimeziacha, mtatafutana wenyewe.

Mhariri, habari ya kazi. Kaka yangu mkubwa yuko Toronto, anaendesha lori. Usiku ule wa Brazil na Serbia sisi huku tunapiga kelele juu ya lile goli la Richarlison, yeye anaandika kwa grupu ati amelia kazini kwa sababu beki wa hoki amekufa. Huyu mtu hata mazishi ya babu hakulia. Nikamuuliza beki mwenyewe alikuwa anafunga magoli mangapi, akaniambia hujui kitu nyamaza. Sasa nauliza wewe, huyo alikuwa nani mpaka aliliwe na dereva wa lori kutoka Kakamega?
Dada wa Donholm

Dada, kwanza pole kwa kunyamazishwa, kaka wakubwa ndio hao. Salming alizaliwa 1951 kule juu kabisa kaskazini mwa Sweden, upande wa Kiruna, mji wa machimbo ya chuma, na babake alifia mgodini yeye akiwa na miaka mitano tu. Akakulia kwa barafu, akachezea timu inaitwa Brynäs, akachukua nayo ubingwa wa Sweden 1971 na 1972. Skauti wa Toronto Maple Leafs alikuwa ametumwa Sweden kuangalia kipa, akarudi na habari za watu wawili tofauti kabisa, Salming na straika anaitwa Inge Hammarström, na 1973 wote wawili wakapanda ndege.

Sasa ujue NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani, wakati huo ilikuwa ya Wacanada karibu watupu. Mtu wa kutoka Ulaya alionekana ni wa kuteleza tu kimaridadi, ukimgusa analia. Walikuwa wanawaita kuku, Waswidi kuku. Mechi za mwanzo mwanzo kabisa za Salming akapelekwa kucheza na Philadelphia Flyers, timu ambayo miaka hiyo ilishinda kombe mara mbili, 1974 na 1975, na ilikuwa inajulikana kwa ngumi kuliko kwa pasi. Wakamchapa na magongo miguuni, wakamtafutia vita, naye akarudisha, akainuka, akaendelea kucheza. Mechi inayofuata vilevile. Na usidhani nyumbani alikuwa anapata kupumzika, kwa sababu mwenye timu yake, Harold Ballard, ndiye aliyesema Hammarström anaweza kuingia kona ya uwanja na mayai sita mfukoni na lisivunjike hata moja. Huyo ni bosi wako anasema hivyo kwa magazeti, adui naye aseme nini?

Akakaa Toronto misimu 16. Mechi 1,099 na jezi ya Leafs, magoli 148 (mwambie kaka yako swali lako lilikuwa halali), na asisti 620 ambazo mpaka leo hakuna mchezaji wa timu hiyo amezifikia. Mwaka wa mwisho wa NHL akachezea Detroit, afu akarudi kwao. Alikuwa mtu wa kwanza aliyejifunzia hoki Ulaya kufikisha mechi elfu moja kwa ile ligi, na 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa kwenye jumba lao la magwiji.

Lakini hizo namba sidhani ndizo zilimliza kaka yako. Mimi nafikiri ni hii: Septemba 1976 kulikuwa na mashindano ya mataifa kule Canada, na Sweden ikaja kucheza na wenyeji uwanja wa Maple Leaf Gardens, nyumbani kwa Salming wa kila siku, ila siku hiyo yuko na jezi ya njano ya kwao, yaani ni mpinzani. Wakaanza kuita majina. Kufika kwa Salming uwanja mzima ukasimama, wakapiga makofi hayaishi, Wacanada hao, wanamshangilia mtu amekuja kuwapiga. Miaka mitatu tu tangu aitwe kuku. Sasa wewe chukua mtu ameenda nchi ya watu, anaambiwa lafudhi yako hatuielewi, cheti chako hakifai huku, kazi hii ya baridi hutaiweza, halafu anasikia stori kama hiyo. Kaka yako hakulilia hoki peke yake, Dada.

Mzee wa kona, mimi nafundisha vijana mpira Kayole. Nieleze kazi ya beki kwa hoki ya barafu ni gani hasa, ni kama beki wa kwetu ama ni kitu ingine? Na wanapimaje kama ni mzuri, maana hata huku beki wangu wananinung'unikia ati sifa zote zinaenda mbele.
Kocha, Kayole

Kocha, hapo umenigusa penye napenda. Kwa barafu kila timu inaweka watu sita: kipa, mabeki wawili, na watatu wa mbele. Wanaingia na kutoka kama makanga wa matatu, kila mtu anacheza sekunde arobaini hivi kwa nguvu zote afu anaruka ukuta kuenda benchi, mwingine anaingia, mchezo hausimami. Ni vipande vitatu vya dakika ishirini. Mabeki wazuri ndio wanakaa uwanjani muda mrefu kuliko wengine.

Kitu wanachopiga kinaitwa paki, kisahani cheusi cha raba ngumu, uzito kama gramu 170, upana sentimita 7 na nusu hivi. Kabla ya mechi wanakigandisha kwa friji ndio kisidunde. Sasa fikiria hicho kitu kinakuja kilomita mia moja na arobaini kwa saa, wakati mwingine zaidi, na kazi ya beki ni kulala mbele yake. Kulala Kocha, kifudifudi ama kwa mbavu, kimpige yeye kisifike kwa kipa. Salming alifanya hivyo mpaka wapinzani wakaacha ile maneno ya kuku. Novemba 1986, mechi na Detroit, rundo limeangukiana golini, mchezaji mmoja kwa bahati mbaya akamkanyaga usoni na kiatu cha barafu, na kile kiatu chini yake ni chuma kimenolewa kama kisu cha buchari. Kutoka juu ya jicho mpaka karibu na mdomo. Alishonwa nyuzi zaidi ya 200. Akapona, akavaa kofia yenye kioo, akarudi kazini.

Hiyo nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili ndio Salming alisaidia kuibadilisha, maana yeye hakuwa wa kuondosha tu, alikuwa akinyang'anya paki anapanda nayo mwenyewe, anateleza, anaachilia pasi, ndio maana unaona asisti 620. Beki wa kupanda. Vijana wako waliomuona Hakimi, beki wa Morocco, huko Qatar wanajua nasema nini.

Kuhusu kupima, wana hesabu moja: kila timu yako ikifunga wewe ukiwa uwanjani unaongezewa moja, ikifungwa unatolewa moja (magoli ya timu ikiwa na mtu zaidi kwa sababu ya adhabu hayaongezwi). Si mbaya, lakini pia inadanganya, kwa sababu kipa wako akiwa mlango wazi unaadhibiwa bure. Salming alimaliza wa pili mara mbili kwa ile tuzo ya beki bora wa mwaka na hakuipata hata siku moja. Kombe pia hakushika. Hata moja.

Na hapa niseme langu. Sisi huku tukisikia "Kadenge na mpira" hata mtu alizaliwa juzi anajua ni nani, ile sauti ya Mambo Mbotela kwa redio ilimweka Joe Kadenge, mshambuliaji wetu wa zamani, mahali hatatoka. Mtangazaji anataja aliye na mpira. Beki akiwa amesimama penye inafaa, pasi haipigwi, hatari haitokei, sasa atatangaza nini? Goli ambalo halikuingia haliandikwi popote. Kwa hivyo kumbukumbu ya beki inabaki kwa waliokuwepo, wakinyamaza imeisha. Mashabiki wa Gor Mahia wa miaka ya themanini watakuambia Bobby Ogolla alikuwa anamzima straika namna gani mpaka akaitwa Six Million Dollar Man, lakini ni lazima umpate mzee aliyekuwa uwanjani, umkalishe, umnunulie chai, ndio akuonyeshe kwa mikono. Waambie vijana wako hivyo. Ama usiwaambie, watakata tamaa.

Shikamoo. Nimesoma alikuwa na ugonjwa wa kumaliza misuli. Unaambukiza? Ulimpata kwa sababu ya kugongwagongwa? Mwanangu anacheza raga shuleni na sasa sina amani.
Mama Rongai

Marahaba mama. Unaitwa ALS, na hauambukizi hata kidogo. Zile neva zinazotoka kwa ubongo na uti wa mgongo kuamrisha misuli zinakufa polepole, kwa hivyo mtu anaanza kudondosha vitu, ama ulimi unakuwa mzito, afu kutembea, kumeza, na mwisho kupumua. Mara nyingi akili inabaki, anajua kila kitu, ndio ukatili wake. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana, zipo za kupunguza kasi kidogo. Wengi wanaishi miaka miwili mpaka mitano tangu dalili zianze, ingawa Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliishi nao zaidi ya miaka hamsini. Kwa kila wagonjwa kumi kama mmoja hivi ni wa kurithi, wale wengine wataalamu bado wanachunguza, na kugongwa kichwa ni moja ya mambo wanayoyachunguza, lakini si kitu cha kumtoa mwanao raga leo. Cha maana akigongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, kocha apende asipende. Salming alitangaza Agosti, Novemba akaenda. Ulikimbia sana.

Hapa ofisini Westlands bosi wangu ni Mcanada na tangu siku hiyo hana raha, ameweka picha ya yule mzee akiwa ameshikiliwa na wenzake uwanjani. Mimi sijui hoki. Nimwambie nini bila kuonekana najipendekeza?
Msaidizi, Westlands

Mwambie pole. Umekaa hapo unatafuta neno na tuko nalo la bure.

Ukitaka kuongeza, muulize hiyo picha. Ni hivi: katikati ya Novemba Leafs walimleta Salming kutoka Sweden kwa wikendi ya magwiji, akiwa tayari hawezi kuongea na mkono hauinuki vizuri. Akatoka kwenye barafu, upande mmoja Darryl Sittler, kapteni wake wa zamani, upande wa pili Mats Sundin, Mswidi aliyekuja miaka ya baadaye akawa kapteni wa hiyo hiyo Toronto. Sittler alikuwa analia wazi wazi, mwanaume mzima wa miaka sabini na kitu, hajifichi. Uwanja ukasimama kama ule wa 1976 ila sasa kimya kimeingia ndani ya makofi, kama unanielewa. Wakaangusha paki ya kufungua mechi. Na kocha wa Leafs usiku huo wa kucheza na Vancouver akaanzisha Waswidi watupu, sita, kuanzia kipa mpaka mbele. Kwa ligi ambayo mwaka 1973 Mswidi alikuwa wa kuchekwa! Wakashinda.

Hata wiki mbili hazikuisha akafariki, miaka 71. Huku kwetu tumezoea kusema mtu apewe maua yake akiwa hai, halafu tunangoja matanga tuchange hema. Wale waliwahi. Ndio maana bosi wako ameweka hiyo picha na si ile ya ujana. Usimuulize kuhusu ligi wala kombe, muulize yeye alikuwa wapi akiangalia, atakuambia mwenyewe mpaka chai ipoe.

Bwana mhariri, na wewe umezidi. Huyu ni mzungu wa barafu, sisi inatuhusu nini? Hatuna mashujaa wetu?
Mzalendo, Umoja 2

Mzalendo, tunao, na wengine ni wa hoki hiyo hiyo, ila ya nyasi. Haya, nikuulize wewe, mpira wa magongo wa Kenya unaujua? Olimpiki ya Tokyo 1964 tulimaliza wa sita duniani. Kombe la dunia la kwanza kabisa la magongo, Barcelona 1971, Kenya ilikuwa ya nne, ya nne Mzalendo, tukapigwa na India kwa mechi ya kugombania nafasi ya tatu, mabao mawili kwa moja na ikabidi waongeze muda. Soka yetu haijawahi hata kunusa hapo, na ukizingatia FIFA ilikuwa imetufungia mpaka mwisho wa Novemba 2022 basi tusiseme sana.

Na nguzo ya timu hizo alikuwa nani? Beki. Avtar Singh Sohal, Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 mpaka Munich 1972, na tatu kati ya hizo ndiye kapteni. Mtu wa hapa hapa Nairobi. Timu yenyewe ilikuwa imejaa Masingasinga na Wagoa wa mtaa huu wetu wa Parklands, Pangani, Ngara, na uwanja ni ule wa City Park ambao wewe unaupita kwa matatu kila siku bila kugeuza shingo. Simama siku moja uulize watu kumi pale stendi Sohal ni nani. Mimi nimeuliza. Mmoja alifikiri ni duka la vyuma.

Kwa hivyo sikuandika juu ya Salming kwa sababu ni mzungu. Nimeandika kwa sababu wenyewe wamemkumbuka beki vizuri na mimi naona wivu. Toronto wamepandisha jezi yake namba 21 kwa paa tangu 2016, hakuna mwingine ataivaa. Wamemtengenezea sanamu nje ya uwanja. Sisi City Park hata bango la jina la beki aliyeenda Olimpiki nne sijaliona, na kama liko basi limefichwa na wauza miche. Kasirika na mimi lakini kasirika pia na hiyo.

Mtoi wangu amebambika na hizi video za hoki ya barafu. Nairobi kuna mahali ama nimdanganye tu na roller skates za estate?
Baba Wawili, Imara Daima

Uko karibu kuliko wote, Baba Wawili. Panari, pale Mombasa Road, wana uwanja wa barafu ndani ya jengo tangu 2005, na hapo ndipo wanapofanyia mazoezi Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu. Ni mdogo, haufikii ule wa NHL wa mita 61 kwa 26, lakini barafu ni barafu. Hao vijana 2018 walipelekwa mpaka Toronto na wakacheza pamoja na mastaa wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, uliza mtoi wako kama anawajua, ataanguka. Piga simu kwanza kabla hamjatoka nyumbani uulize masaa na bei. Mvalishe suruali nzito na soksi ndefu, na glavu usisahau hata kama za bodaboda, kwa sababu wote wanaanza kwa kuanguka na mikono ndiyo inatangulia. Na hizo za magurudumu za estate usizitupe, wachezaji wengi wa hapa walianzia huko, balansi ni ile ile, kuteleza tu ndio kunatofautiana.

Swali fupi. Hiyo timu ya Toronto, mara ya mwisho kuchukua kombe ilikuwa lini?
Gooner, Buruburu

1967. Na nyinyi wa Arsenal mwisho wa 2022 mlikuwa juu ya msimamo mkijiona, kwa hivyo sitakuambia kitu.